Mwenye Ufunguo wa Nyumba ya Mfalme

Jumapili ya 21 ya Mwaka A
Masomo: Isa. 22:19-23; Rum. 11:33-36, Mt. 16:13-20



Asubuhi hii ya Jumapili, tunapozungumza nanyi, milango mingi ya chuma katika maduka ya Kariakoo ingali imefungwa. Kila mlango una kufuli, na kila kufuli lina ufunguo wake. Na mara nyingi ufunguo huo haumo mfukoni mwa mwenye duka. Umo mfukoni mwa mtu mwingine, ambaye jina lake halikuandikwa juu ya mlango. Huyo ndiye anayefungua asubuhi na kufunga jioni. Huyo ndiye anayejua mzigo uliingia saa ngapi, na pesa ziliwekwa wapi, na tajiri amegombana na nani. Amelala katika chumba cha kupanga pale Jangwani, na ufunguo uko chini ya mto wake.

Ni juu ya mtu wa namna hiyo kwamba Neno la Mungu linasema nasi leo. Somo la kwanza linatupeleka katika nyumba ya mfalme, mjini Yerusalemu, siku za mfalme Hezekia. Nyumba hiyo ilikuwa na msimamizi. Mfalme ndiye aliyetawala, lakini hakuna aliyemfikia mfalme bila kupita kwa msimamizi. Ufunguo wa nyumba aliuchukua begani, kwa maana funguo za zamani hizo zilikuwa kubwa kuliko hizi zetu. Akifungua, imefunguliwa. Akifunga, imefungwa. Mtu huyo aliitwa Shebna.

Shebna alikosa nini, hata Mungu amwondoe katika cheo chake? Somo letu linaanzia katika aya ya 19, wala halisemi. Lakini ukifungua Biblia yako nyumbani na kusoma aya zilizotangulia, utaona. Shebna alikuwa akijichongea kaburi la fahari juu ya mwamba, na alikuwa na magari ya kujivunia. Nchi ilikuwa katika hatari ya vita, na msimamizi wa nyumba alikuwa akisimamia ujenzi wa kaburi lake mwenyewe. Ufunguo aliokabidhiwa ili awafungulie wengine aliugeuza kuwa wa kujifungulia yeye. Ndipo Mungu akasema kwa kinywa cha nabii kwamba atavuliwa kanzu na mshipi, na vitu hivyo atavikwa mwingine, Eliakimu mwana wa Hilkia, ambaye atakuwa baba kwa wakaao Yerusalemu.

Ndugu wasikilizaji, tuliangalie neno hilo, baba. Nabii angeweza kusema atakuwa mkubwa, au atakuwa mwenye nguvu. Amesema atakuwa baba. Basi hicho ndicho kipimo cha Mungu kwa kila mtu aliyekabidhiwa ufunguo wa nyumba isiyo yake: je, walio wadogo katika nyumba ile wamepata baba, au wamepata mtu wa kuogopwa?

Kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 18, kinatuonyesha Eliakimu kazini. Ni mwaka 701 kabla ya Kristo. Senakeribu, mfalme wa Ashuru, amekwisha kuiteka miji ya Yuda yenye maboma, na jemadari wake amesimama nje ya ukuta wa Yerusalemu akitukana. Eliakimu anatoka, anasikiliza matusi yote bila kujibu, kisha anarudi kwa mfalme akiwa amerarua mavazi yake, na anampa maneno yale kama yalivyosemwa. Hakuyapunguza ili mfalme apate usingizi. Hakuyaongeza ili yeye mwenyewe aonekane shujaa. Na ajabu ni hii: kando yake yuko mtu aitwaye Shebna, ambaye sasa ni mwandishi tu. Wengi husema kwamba ndiye yule yule aliyeondolewa. Ikiwa ndiye, basi Mungu alimshusha cheo, lakini hakumtupa kabisa. Tutalikumbuka jambo hilo mbele kidogo.

Wapendwa, pengine mtasema: hayo ni mambo ya Yerusalemu na ya zamani sana. Basi na tuje karibu. Twendeni Buganda, ng'ambo ya ziwa letu, miaka isiyofika 150 iliyopita.

Katika Buganda, wakuu waliwapeleka watoto wao wa kiume katika ikulu ya Kabaka ili walelewe na kufundishwa utumishi. Vijana hao waliitwa bagalagala. Walipeleka habari, walilinda milango, waliwapokea wageni, walikesha usiku. Wengine walitumika katika ukumbi mkubwa wa baraza, wengine katika nyumba ya ndani alimolala Kabaka. Aliyefanya vema angeweza siku moja kuwa mkuu wa jimbo. Aliyekosea angeweza kupoteza sikio, au kichwa.

Yosefu Mukasa alifika huko wakati wa Kabaka Mutesa wa Kwanza, akiwa na umri wa miaka 14 hivi. Akawa mtumishi wa karibu wa Kabaka, akimwuguza usiku katika ugonjwa wake. Kwa tabia yake ya utulivu aliitwa Balikuddembe, jina ambalo katika Kiganda linabeba habari ya amani. Mapadre wa kwanza wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, waliokuwa wameondoka Bagamoyo mwaka 1878, walifika Buganda mwaka 1879. Mukasa alijifunza dini kwao, akabatizwa tarehe 30 Aprili 1882. Miezi michache baadaye, mnamo Novemba, mapadre walilazimika kuondoka. Wakavuka kwenda kusini mwa ziwa, upande ambao leo ni Tanzania, na huko Bukumbi, si mbali na Mwanza, wakawa na misheni.

Kwa muda wa karibu miaka mitatu Wakristo wa Buganda hawakuwa na padre. Hawakuwa na Misa. Walikuwa na nini basi? Walikuwa na mtumishi wa nyumba ya mfalme. Mukasa, pamoja na walei wenzake, aliwafundisha vijana wa ikulu, akawatunza, akawakusanya kusali. Mapadre waliporudi Julai 1885 walikuta kundi limeongezeka. Hapo tuwaambie wale wanaodhani kwamba Kanisa ni mapadre peke yao: katika nchi hizi zetu Kanisa lilikwisha kulindwa na mwenye ufunguo asiye na daraja wala joho.

Mutesa alifariki mwaka 1884, akarithiwa na mwanawe Mwanga, kijana bado. Mwanga alimpenda Mukasa, akamfanya msimamizi mkuu wa nyumba yake ya ndani, akampa ruhusa ya kumwonya akimwona anakosea. Mwanzoni mwa mwaka 1885, Katikiro, yaani waziri mkuu, pamoja na wakuu wengine walikula njama ya kumwondoa Mwanga. Mukasa na Wakristo wenzake wakamjulisha Kabaka, na njama ikavunjika. Katikiro alilia mbele ya Kabaka, akasamehewa, akaachwa katika cheo chake. Yeye hakumsamehe Mukasa.

Tuzitazame sasa kazi za mtumishi huyo, kwa maana ndizo kazi zetu.

Kazi ya kwanza ilikuwa kulinda mali na uhai wa bwana wake. Aliifanya. Mkristo si mtumishi wa nusu. Anayefika kazini kwa wakati, anayehesabu mzigo kwa haki, asiyetoa nje siri za nyumba, huyo anamtumikia Mungu hata kabla hajafungua kinywa kusali.

Kazi ya pili ilikuwa kuwalinda wadogo. Vijana waliokuwa chini yake walikabiliwa na matakwa machafu ndani ya ikulu ile ile, nayo yalitoka kwa mwenye ikulu. Mukasa aliwaficha, aliwaonya, alisimama kati. Ufunguo wa nyumba ya mfalme haukuwa wa kumfungulia mfalme kila mlango.

Kazi ya tatu ndiyo nzito kuliko zote: kumwambia ukweli mwenye nguvu. Mwishoni mwa Oktoba 1885, Askofu James Hannington wa Kanisa la Anglikana aliuawa Busoga kwa amri ya Mwanga, kwa kuwa alikuja kwa njia ya mashariki, na Waganda waliiogopa njia hiyo kuwa ndiyo watakayopitia wanyang'anyi wa nchi yao. Mukasa hakuwa wa dhehebu la Hannington. Hakuna aliyemwuliza neno. Angeweza kunyamaza na kuendelea kukesha mlangoni. Lakini alikwenda kwa bwana wake, akamwambia kwamba kumwua mgeni bila kumsikiliza ni kosa, na kwamba baba yake hakufanya hivyo.

Wapendwa, hapo ndipo tunapowaona watu wengi wema wakisimama na kurudi nyuma. Kazi ya kwanza twaipenda. Ya pili twaifanya kwa siri. Ya tatu tunaikimbia, na tuna methali za kutusindikiza: Mwenye nguvu mpishe. Funika kombe mwanaharamu apite.

Katikiro alipata nafasi aliyoisubiri. Wakati ule Kabaka aliugua macho, Padre Lourdel akampa dawa, na dawa ile ikamsumbua. Ikasemwa kwamba Mukasa na mapadre walitaka kumpa sumu. Usiku wa tarehe 14 Novemba Kabaka alimweka Mukasa mbele yake muda mrefu, akimlaumu kwa hasira. Kulipopambazuka Mukasa alikwenda misheni, akapokea Komunyo Takatifu. Siku hiyo, tarehe 15 Novemba 1885, ilikuwa Jumapili, kama leo. Aliporudi akaitwa tena, akahukumiwa kifo. Wakampeleka Nakivubo. Alikataa kufungwa kamba, kwa maana hakuwa na nia ya kukimbia. Mukajanga, mkuu wa wanyongaji, alimfahamu na kumheshimu. Kwa hiyo hakumchoma akiwa hai kama alivyoamriwa, bali alimkata kichwa kwanza. Kabla ya hapo Mukasa alimpa ujumbe wa kumpelekea Kabaka: kwamba amemwua bila haki, kwamba amemsamehe kwa moyo wote, lakini atubu. Hata mwisho alikuwa bado kazini. Bado alikuwa akimpelekea bwana wake habari za kweli.

Inasimuliwa kwamba Mwanga, alipopata ujumbe huo, aliogopa, akaamuru mtu mwingine auawe na majivu yake yachanganywe na ya Mukasa, ili huyu asiweze kumshitaki mbele ya Mungu. Tazameni jinsi mwenye nguvu anavyoogopa neno moja la kweli, hata likiwa limekwisha kuwa majivu.

Na ufunguo ulikwenda wapi? Siku ile ile alibatizwa Karoli Lwanga, aliyekuwa msaidizi, naye akachukua ulezi wa vijana wale. Miezi sita baadaye, usiku kabla ya kukamatwa, aliwabatiza wakatekumeni wake, akiwemo Kizito mwenye miaka 14 hivi. Tarehe 3 Juni 1886 walichomwa moto Namugongo. Hatusahau kwamba huko Namugongo, mnamo mwaka 1876, wakati wa Mutesa, waliuawa pia vijana Waislamu wa ikulu waliokataa kuivunja amri ya dini yao. Sisi tunaoishi nyumba kwa nyumba na ndugu zetu Waislamu, Jangwani, Gerezani na Kariakoo, tunapaswa kulijua hilo na kuwaheshimu. Mashahidi 22 wa Kikatoliki walitangazwa watakatifu na Baba Mtakatifu Paulo wa Sita tarehe 18 Oktoba 1964, naye aliwataja kwa heshima hata wale wa Anglikana.

Naye Mwanga? Mwaka 1888 alipinduliwa, akakimbilia kusini mwa ziwa, na hatimaye akapokelewa katika misheni ya Bukumbi, nyumbani kwa mapadre wa shirika lile lile ambalo watoto wake aliwaua. Msamaha ambao Mukasa aliutuma kwa mdomo pale Nakivubo, Mwanga aliukuta umekwisha kuwa chakula na kitanda huku kwetu.

Leo Nakivubo ni katikati ya mji wa Kampala. Ni bonde lenye mfereji unaofurika mvua ikinyesha, lenye uwanja wa mpira, na lenye soko kubwa ambalo watu wamezoea kuliita Owino, nalo jina lake rasmi ni Soko la Mtakatifu Balikuddembe. Bonde linalofurika, mpira na soko! Anayekaa Jangwani ahitaji kuelezwa nini zaidi? Sisi nasi tuko kando ya Msimbazi, na mafuriko ya Desemba 2011 bado tunayakumbuka. Sisi nasi tuko mlangoni mwa soko, ambalo jengo lake kuu tuliliona likiungua Julai 10, 2021. Hata jina la Kariakoo limetokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza, Carrier Corps, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mahali hapa pamepewa jina la watu waliobeba mizigo ya wengine. Pana watakatifu wake, nasi tunadhani tunamfahamu mmoja.

Mwumini huyo alituruhusu tuseme habari zake bila kumtaja. Alikuwa mtunza ghala kwa miaka 11. Tajiri wake alimwamini kiasi cha kumwachia ghala na watoto wa nyumbani alipokuwa safarini. Siku moja yaliletwa makatoni ya maziwa ya unga ya watoto wachanga, yaliyokwisha kupitwa na wakati, na akaambiwa asimamie vijana wafute tarehe na kugonga nyingine. Alimwendea tajiri faraghani, si mbele ya watu. Akamwambia, "Tajiri, umenilisha mimi na wanangu, na shukrani zako siwezi kuzimaliza. Lakini maziwa haya yatanyweshwa mtoto wa mtu. Ukiyauza yatatuangamiza wote wawili." Tajiri akamjibu kwamba watunza ghala ni wengi. Naye akaweka ufunguo juu ya meza, akaondoka. Hakulipwa chochote. Leo anasukuma mkokoteni katika mitaa ile ile alimokuwa akiitwa bosi mdogo. Tulimwuliza kama anajuta. Alikaa kimya kidogo, akasema, "Baba, njaa inauma. Lakini nalala."

Hatutawadanganya, wapendwa, kwamba Mungu alimpa duka lake mwenyewe mwezi uliofuata. Hakumpa. Mukasa naye hakupewa jimbo.

Tena tusiseme habari za wengine tu. Sisi wenyewe, katika miaka yetu ya kwanza ya upadre, tulikabidhiwa funguo na daftari la hesabu katika nyumba moja. Tuliona kwamba hesabu haziendi sawa, na tuliona mkono uliozipotosha, nao ulikuwa mkono wa mkubwa wetu. Mpishi alilaumiwa, akafukuzwa. Tulijua, wala hatukusema. Tuliuita ukimya wetu utii. Baada ya miaka mingi tulikwenda kumtafuta mpishi yule kijijini kwake ili tumwombe msamaha. Alitupa kiti, akatupa maji ya kunywa, kisha akasema, "Padre, siku zote nilijua kwamba unajua." Neno hilo tunalibeba mpaka leo. Mtu mdogo aliyedhulumiwa hutazama kwanza uso wa mwenye ufunguo. Akimwona amenyamaza, hapo ndipo anapojua kwamba amebaki peke yake.

Ndiyo maana Injili ya leo ni faraja kwetu. Kristo anampa Petro funguo za Ufalme wa mbinguni. Anampa nani? Mtu ambaye, usiku wa mateso, katika ua wa Kuhani Mkuu, alimkana Bwana wake mbele ya kijakazi mlinzi wa mlango. Mwenye funguo za mbingu alitikisika mbele ya bawabu! Wala Yesu hakumnyang'anya. Baada ya ufufuko alimwuliza mara tatu kama anampenda, akamkabidhi kondoo zake. Shebna alibaki akitumika kama mwandishi. Petro alilia, akaendelea. Nasi tulionyamaza jana hatujafukuzwa. Tumeulizwa upya.

Basi wewe dada unayetumika nyumbani kwa watu na kulea watoto usiowazaa; wewe dereva unayesikia yote yasemwayo kiti cha nyuma; wewe karani unayeandika risiti; wewe mlinzi wa geti; wewe mwandishi wa mkubwa wa ofisi, ambaye bila wewe hakuna anayemwona mkubwa: jiulize leo mambo matatu. Je, ninachokilinda ni cha bwana wangu, au nimeanza kujichongea kaburi la fahari? Je, wadogo walio nyuma ya mlango huu wamepata kwangu baba na mama? Na kuna neno gani la kweli ambalo bwana wangu angepaswa kulisikia kwangu, nami nimelifunga kwa ufunguo?

Nanyi mlio mabwana na matajiri, mpendeni mtumishi anayewaonya. Mwanga alikuwa na wengi wa kumsifu, naye alikuwa na mmoja wa kumwokoa. Akamchoma huyo mmoja.

Tuombe. Ee Mungu, uliyemvika Eliakimu kanzu ya utumishi na kumpa Petro funguo, utusimamishe katika milango uliyotuweka. Utupe uaminifu wa mtumishi wako Yosefu Mukasa Balikuddembe, na ujasiri wake usio na chuki. Uwatazame waliopoteza kazi kwa ajili ya haki, wasikose mkate. Na sisi tulionyamaza utuhurumie, utufungue vinywa kabla jua halijachwa. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.

Nawe msikilizaji, kesho alfajiri utakapoingiza ufunguo katika kufuli la nyumba isiyo yako, fanya kwanza ishara ya msalaba.

Tumsifu Yesu Kristo.